Homa ya Ini Aina ya B na Saratani ya Ini: Somo kwa Wakazi wa Merti

Afisa wa afya alipomaliza kuzungumza kwenye baraza moja huku Merti, mzee mmoja aliinua fimbo yake akauliza swali lililonyamazisha kikao. Alisema alikuwa na mdogo wake, mfugaji mwenye nguvu zake, ambaye maishani hakuonja pombe wala hakuvuta sigara. Alianza kulalamikia uzito chini ya mbavu za kulia. Akakonda, tumbo likajaa maji. Miezi mitatu baadaye alizikwa, umri wake miaka arobaini na kidogo. Karatasi ya hospitali iliandikwa saratani ya ini. "Sasa mtuambie," mzee akasema, "pombe hakunywa. Hiyo saratani ilitoka wapi?"

Jibu alilopewa siku hiyo lilikuwa fupi, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na watu walitaka kwenda kunywesha mifugo. Makala haya ni jibu refu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina

Ini, ambalo Waborana huita tiruu, ndilo kiungo kikubwa zaidi ndani ya tumbo. Husafisha damu, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, huhifadhi nguvu za mwili na kutengeneza vitu vinavyozuia damu kuvuja. Likiharibika, macho na mkojo hugeuka rangi ya manjano. Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu. Homa ya ini nayo si ugonjwa mmoja, ni familia ya magonjwa yenye herufi.

Aina ya A na ya E huletwa na maji na chakula chenye uchafu wa choo. Mlipuko uliotokea katika kambi za wakimbizi za Dadaab mwaka 2012 ulikuwa wa aina ya E. Hizo huja kwa kishindo na kwa kawaida huondoka zenyewe, ingawa aina ya E ni hatari sana kwa mama mjamzito. Aina ya B na ya C hupita kwenye damu na majimaji ya mwili, na zinaweza kukaa ndani ya mtu miaka 30 au 40 bila kelele. Leo tunazungumzia B, kwa sababu ina chanjo na kwa sababu Afrika ndiyo inayoongoza kati ya vyanzo vya saratani ya ini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa sugu ya ini aina ya B, na kwamba mwaka huo iliua watu milioni 1.1, wengi wao kwa ini lililojaa makovu au kwa saratani ya ini. Hapa Kenya, damu iliyokusanywa katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 kutoka kwa watu wa miaka 15 hadi 64 wasiokuwa na virusi vya Ukimwi ilionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 3 alikuwa amewahi kuguswa na kirusi hiki. Wengi walikuwa wamekishinda. Waliobaki nacho walikuwa asilimia 2.1, yaani takriban watu 398,000 nchi nzima. Wastani wa nchi, hata hivyo, huficha mengi. Nchini Uganda, uchunguzi wa damu zilizokusanywa mwaka 2005 ulipata wastani wa asilimia 10.3, lakini kaskazini mashariki, kwa wafugaji wenzetu wa Karamoja, kiwango kilikaribia mtu 1 kwa kila 4.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua

Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alikumbuke hata akisahau mengine yote. Kirusi ni kilekile, lakini kinachofuata hutegemea ulikuwa na umri gani kilipokuingia.

Mtu mzima akiambukizwa, askari wa mwili wake hukitambua na kukipiga vita. Anaweza kuugua wiki kadhaa, macho yakawa ya manjano, kisha akapona na kukingwa maisha yake yote. Kati ya watu wazima 100, wasiofika 5 ndio hubaki na kirusi. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 hana bahati hiyo: takriban 3 kati ya 10 hubaki nacho. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa, kinga yake ikiwa bado haijajifunza nani adui na nani jamaa, hubaki nacho katika hali 9 kati ya 10. Hatakuwa na homa. Hatalia zaidi ya watoto wengine. Atakua, atachunga mbuzi, ataoa au kuolewa, na kirusi kitakuwa kimekaa kwenye ini lake kama mwenyeji. Madaktari wakikikuta kwa zaidi ya miezi 6, huita ugonjwa huo sugu.

Kwa hivyo mtu anayefariki kwa saratani ya ini akiwa na miaka 45 mara nyingi hakufanya kosa lolote akiwa na miaka 44. Huenda aliambukizwa usiku aliozaliwa.

Ni vipi kirusi kinageuka saratani?

Kirusi hiki chenyewe hakiliui ini. Kinaingia ndani ya seli za ini na kuzitumia kama kiwanda cha kuzaliana. Wanaoleta uharibifu ni askari wa mwili, ambao mara kwa mara huamka, huona seli zilizovamiwa na kuzishambulia. Seli hufa, ini hutengeneza nyingine. Ini lina kipaji hicho kuliko viungo vingi.

Fikiria boma la miiba linalovamiwa na fisi kila usiku. Kila asubuhi unakata miiba mipya na kuziba. Baada ya miaka 20 ua wako ni viraka vitupu, na siku moja, kwa haraka ya kuziba, utaacha mwanya. Ini nalo huzibwa kwa makovu, likawa gumu na lenye vinundu, na damu ikashindwa kupita vizuri. Hapo ndipo tumbo hujaa maji na mtu huweza kutapika damu. Na kila seli mpya inapotengenezwa, maandishi yake ya urithi hunakiliwa upya. Ukinakili barua mara elfu, makosa yatatokea. Kosa moja likigusa sehemu inayoamuru seli iache kugawanyika, seli hiyo huanza kugawanyika bila breki. Hiyo ndiyo saratani.

Kuna njia ya pili, na kwangu mimi ndiyo inayotisha zaidi. Vipande vya maandishi ya urithi ya kirusi hiki huweza kujipachika ndani ya maandishi ya urithi ya seli yenyewe na kuyavuruga. Ndiyo maana mwenye homa ya ini aina ya B anaweza kupata saratani hata kabla ini lake halijajaa makovu, na ndiyo maana kujihisi mzima si ushahidi wa kuwa salama. Bila kufuatiliwa na kutibiwa, kati ya watu 100 waliobaki na kirusi tangu utotoni, kati ya 15 na 25 hatimaye hufa kwa makovu ya ini au kwa saratani.

Hayo yalithibitishwa vipi? Kirusi kilianza kufahamika mwaka 1965, Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake walipoandika kuhusu protini ngeni katika damu ya Mwaustralia mmoja. Mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Nobel, na Siku ya Homa ya Ini Duniani, tarehe 28 Julai, ni siku yake ya kuzaliwa. Lakini ushahidi mzito wa saratani ulitoka Taiwan. Watafiti wakiongozwa na Palmer Beasley walipima damu za wanaume 22,707, wengi wao wafanyakazi wa serikali (watu wa ofisini kama mimi), kisha wakawafuatilia tu. Waliokuwa na kirusi walikuwa 3,454. Matokeo ya kwanza yalipochapishwa mwaka 1981, wanaume 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini. Arobaini kati yao walitoka katika lile kundi dogo lenye kirusi. Hatari yao ilikuwa zaidi ya mara 200 ya wenzao.

Mwaka 1984 Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuona chanjo ikipunguza saratani.

Kwetu ugonjwa huja mapema na kwa kasi. Uchunguzi wa wagonjwa wa saratani ya ini katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Uganda na Ethiopia zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba nje ya Misri nusu ya wagonjwa walikuwa na umri wa chini ya miaka 46 au karibu na hapo walipogunduliwa. Nusu yao hawakumaliza miezi 3. Walikuwa wamefika hospitalini wakati hakuna la kukata wala la kutibu. Mzee wetu wa barazani hakuwa akieleza kisa cha ajabu.

Mahindi yenye ukungu

Kirusi kina mshirika, naye hukaa ghalani. Ni sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, inayoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kenya ina historia nayo. Mwaka 1973 watafiti walichapisha kazi yao kutoka Murang'a ikionyesha kwamba palipokuwa na sumu nyingi zaidi kwenye chakula ndipo palipokuwa na saratani nyingi zaidi ya ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugua watu 317 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, na 125 wakafariki. Wachunguzi walipolinganisha wagonjwa na majirani zao wazima, waligundua kwamba wagonjwa walikuwa na kirusi cha homa ya ini aina ya B mara nyingi zaidi. Na huko Shanghai, China, watu waliokuwa na kirusi na pia sumu hii mwilini walikuwa na hatari ya saratani mara 60 hivi ya watu wasio na kimoja.

Sisi hatulimi mahindi mengi, lakini tunayala, ya dukani na ya msaada. Gunia likilowa mvua njiani, likaushe juani siku hiyohiyo na uliweke juu ya mbao, si sakafuni. Punje za kijani, nyeusi au zilizooza zitupwe, wala wasipewe kuku au ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi.

Nitaongeza la miraa, nikijua nitapoteza marafiki. Utafiti uliofanywa Harar, mashariki mwa Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2018, ulihusisha utafunaji wa miraa wa muda mrefu na ugonjwa sugu wa ini. Mwenye kirusi tayari ana mzigo mmoja. Haihitaji hesabu kubwa kuona kwamba mzigo wa pili ni wa kuepuka, na vivyo hivyo pombe.

Kinavyopita, na kisivyopita

Kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kutoka kwa mtoto mmoja mwenye vidonda kwenda kwa mwingine wanapocheza na kulala pamoja. Kwa wembe mmoja uliotumika kwa watu wawili, iwe ni kwa chale, kunyoa, kutoboa masikio au tohara ya wavulana kadhaa kwa kisu kimoja. (Kuhusu wasichana, ukeketaji umeharamishwa na sheria ya mwaka 2011, na kirusi hiki ni sababu moja zaidi juu ya nyingi.) Kwa ngono bila kinga. Kwa sindano isiyo safi. Kirusi huishi siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, kwa hivyo wembe wa juzi uliopanguswa kwa kitambaa bado ni hatari.

Hakipiti kwenye kikombe cha chai, sahani, maziwa ya ngamia mliyokunywa pamoja, mkono wa salamu wala kuumwa na mbu. Mama mwenye kirusi anaruhusiwa kunyonyesha. Nasisitiza hili kwa kuwa nimesikia, si Merti pekee, kuhusu watu waliotengewa vyombo vyao kama waliolaaniwa.

Kuhusu kuchoma ubavu kwa chuma cha moto: naelewa ilikotoka, na wazee walioanzisha hawakuwa na kingine. Lakini moto wa juu ya ngozi haufikii kirusi kilicho ndani ya seli ya ini. Unachoacha ni kidonda, na miezi ambayo mgonjwa angekuwa tayari anatibiwa.

Saa 24 za kwanza

Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini aina ya B mwishoni mwa mwaka 2001, ndani ya chanjo ya penta, ile inayokinga pia dondakoo, kifaduro, pepopunda na vimelea vya Hib. Hutolewa pajani katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wengi waliozaliwa kabla ya 2002, mimi nikiwa mmoja wao, hawakuipata utotoni.

Dozi zote 3 ni muhimu, na hapa jiografia yetu ni adui. Familia ikihama na mifugo kutoka Korbesa au Biliqo kufuata malisho, mtoto aliyepata dozi ya kwanza hukosa ya pili. Kitabu cha mama na mtoto kisiachwe nyumbani. Kisafiri na mtoto. Kituo chochote cha afya mtakachofika, ndani au nje ya kaunti, kinaweza kuendeleza dozi iliyobaki, wala hakuna haja ya kuanza upya kwa kuwa mlichelewa.

Lakini kirusi kinachopita usiku wa kujifungua hakisubiri wiki ya 6. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mtoto apate dozi ya kwanza ya homa ya ini aina ya B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mama anayejifungulia manyatta, siku mbili kutoka kwenye barabara ya magari, hawezi kufikia hilo. Mama aliyepimwa akiwa mjamzito ana nafasi: akijulikana ana kirusi, hupangiwa pa kujifungulia, na ikiwa kirusi ni kingi kwenye damu yake hupewa dawa ya tenofovir kabla ya kujifungua ili kipungue. Kwa hivyo, mama, unapohudhuria kliniki ya wajawazito na kutolewa damu ya vipimo vingine, uliza wazi: "Na homa ya ini aina ya B?" Baba naye akiuliza, si vibaya.

"Damu yako haifai"

Nikiwa chuoni tulijipanga foleni kutoa damu. Damu ya msaada nchini hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Wiki chache baadaye mwenzangu mmoja aliitwa, akaambiwa damu yake haifai kwa sababu ya homa ya ini, akapewa karatasi na kuruhusiwa aende. Hakuna aliyemweleza karatasi ilimaanisha nini. Alikuwa na afya, akaicheka, akaitumia kuwekea alama kitabu. Tulipokutana tena, miaka tisa ilikuwa imepita, naye alikuwa na makovu kwenye ini. Anaishi, anameza dawa, lakini ile miaka tisa hairudi.

Basi ukiambiwa una kirusi hiki, karatasi hiyo ndiyo mwanzo. Rudi baada ya miezi 6 upimwe tena kujua kama ni sugu. Kama ni sugu, utahitaji vipimo vya ini na, panapowezekana, wingi wa kirusi. Si kila mtu huanzishiwa dawa mara moja, ila kila mtu hufuatiliwa. Wanaohitaji dawa humeza tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka mingi na mara nyingi maisha yote. Haiondoi kirusi kabisa, lakini hukituliza na kupunguza hatari ya saratani. Dawa hiyohiyo hutumika pia kwa wenye virusi vya Ukimwi, kwa hivyo jirani akikuona nayo asikimbilie kukuhukumu, na wewe usiitupe kwa aibu. Kuiacha ghafla kunaweza kuamsha kirusi kwa nguvu na kuangusha ini ndani ya wiki chache. Mfugaji anayejiandaa kuhama amweleze mhudumu mapema ili wapange dawa za muda wote atakaokuwa malishoni.

Wenye makovu, au wenye jamaa aliyekufa kwa saratani ya ini, wanashauriwa kupigwa picha ya ini kwa mawimbi ya sauti kila miezi 6. Safari ya kutoka Merti hadi mjini Isiolo ni ndefu na barabara tunaijua. Uvimbe mdogo unaoonekana kwenye picha hiyo, hata hivyo, unaweza kukatwa. Ule unaojitambulisha wenyewe kwa maumivu kwa kawaida umeshapita hapo. Mtu mzima ambaye kipimo chake hakina kirusi na hajakingwa anaweza kuchanjwa: dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita.

Mzee wa barazani hakuketi baada ya kujibiwa. Afisa wa afya alimuuliza kama yeye na marehemu walikuwa wa mama mmoja. Akasema ndiyo, na kwamba wako wanne: yeye, dada wawili, na huyo aliyezikwa. Aliombwa afike Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Merti pamoja na dada zake, mjane na watoto wa marehemu, wote wapimwe, na wenye vitabu vya kliniki wavibebe.